Mlango wa Bi Nunu

Kazi zote za marehemu Fundi Machano zilikwisha kuingia kitabuni, isipokuwa moja: picha ya mume wa Bi Nunu, ambayo fundi aliichora upande wa ndani wa mlango wa chumba chao mwaka walipooana. Sasa mume naye hayupo. Shomari, mkusanyaji wa kitabu hicho, alifika na kamera yake.

"Haionekani mpaka mlango ufungwe," ajuza alimwambia. "Tukijifungia mimi na wewe, majirani watasema nini?"

"Watasema Bi Nunu kapata mchumba."

"Mchumba mwenyewe mwembamba kama ufito!" Akacheka. Macho yake yalikuwa yamekwisha nuru. "Haya, ingia peke yako. Lakini uniambie kweli, mjukuu wangu: bado imo, au kila asubuhi nausalimia ubao mtupu?"

Shomari akajifungia, akageuka, akaishusha kamera bila kujua. Juu ya mlango uliofungwa, fundi alikuwa amechora mlango ulio wazi. Nuru ya asubuhi ilimiminika kutoka kichochoroni, ikapanda kizingiti kana kwamba inabisha hodi. Rangi gani hii, isiyojua kuzeeka! Na pale kizingitini kijana mmoja ameinama, anavua viatu aingie.

"Yupo?" sauti iliuliza kutoka nje.

"Yupo, bibi."

"Kashavua?"

"Kimoja bado."

Shomari alisikia kiganja cha Bi Nunu kikipapasa mbao upande wa pili, taratibu, kikishuka kuelekea kizingitini.