Kifua cha Kombe

Siku Mwambire, kijana mwenzake wa kazi, alipomwita "mama" mbele ya abiria, Kombe alifunga kifungo cha juu cha shati, akaushusha mlango wa chuma wa feri, na magari yakaanza kutoka moja moja upande wa Mnarani.

Ilikuwa Julai, mwaka wa themanini na nne. Wenzake wote walikuwa vifua wazi, maana kazi ya kuvuta minyororo haitaki shati. Kombe naye aliifanya hivyo kwa miaka ishirini, na kifua chake kilikuwa cha kutazamwa. Kila Sikukuu ya Jamhuri watu waliogelea kuuvuka mkono wa bahari, kutoka Mnarani hadi Kilifi, na Kombe alikuwa ameshinda mara tisa.

Sasa kifua kile kilikuwa kimeota matiti. Hayakuwa mafuta ya uzee. Yalikuwa matiti kamili, na shati likiyagusa yalimuuma.

Aliyemhurumia ni Musyoka, fundi wa injini, Mkamba wa Kitui aliyewahi kuwa jeshini. Musyoka alikuwa mtu wa kutafuta chanzo. Injini ikikohoa, hakushika spana kabla ya kuuliza maswali.

"Mnazi unakunywa kiasi gani, mzee?"

"Kata moja, Jumapili."

"Pombe ikiharibu ini, mwanamume huota matiti. Niliona kambini. Bangi?"

"Sijawahi."

"Dawa? Kuna dawa nyingine hufanya hivyo."

"Kwani naonekana mgonjwa?"

Musyoka alimtazama kuanzia juu hadi chini. Kwa kweli hakuonekana mgonjwa. Alikuwa amenawiri kuliko wote pale kivukoni.

"Basi ni uzito," Musyoka akasema. "Tutautoa."

Walianza Agosti, kila alasiri baada ya zamu, nyuma ya karakana. Musyoka alijaza saruji katika makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Kombe alilala juu ya ubao akalinyanyua bomba mara kumi, akapumzika, akalinyanyua tena. Kisha pushapu ishirini, kisha kukimbia hadi Bofa na kurudi. Musyoka alihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya sajini, na Kombe, ambaye hakujua Kikamba, alisimama tu aliposikia kimya.

Kabibi, mkewe, aliambiwa apunguze nazi kwenye wali na asimpikie mahamri. Aliwafuata karakanani siku moja, akawakuta wamelowa jasho.

"Mwache alivyo, Musyoka," alisema. "Mimi sikulalamika. Namtaka hivyo hivyo."

"Lakini mama, mashindano ni Desemba."

Kabibi alimtazama mumewe, akangoja aseme kitu. Kombe aliinama akafunga kamba za viatu. Mwanamke akajifunga leso yake vizuri, akaondoka.

Mwisho wa Septemba maumivu ya kifua yalikwisha. Oktoba shati likaanza kulala vizuri. Musyoka aliazima utepe wa fundi cherehani, akawa anampima kila Ijumaa na kuandika kwa chaki ukutani, na kila Ijumaa tarakimu ilishuka. Wafanyakazi wengine wakaanza kuja kutazama. Wawili wakajiunga.

Novemba ilibidi Kombe atoboe tundu jipya kwenye mshipi, halafu jingine.

"Mgongo unaniuma," alisema siku moja. "Hapa chini. Usiku silali."

"Hayo ni mazoezi yanaingia," Musyoka akamwambia. "Jeshini tulikuwa tunayaomba hayo maumivu."

Wakaongeza pushapu kumi.

Asubuhi ya Jamhuri, ufuo wa Mnarani ulijaa watu. Kombe alisimama katikati ya waogeleaji kumi na mmoja, wengi wao vijana wa hotelini, akalivua shati na kumkabidhi Musyoka. Kifua kilikuwa bapa kama mlango. Mwambire, aliyekuwa amekuja na maneno yake tayari, alitazama, akatazama tena.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba."

Kombe hakushinda. Alimaliza wa saba, na mita za mwisho alizivuka akiwa ameshikilia kamba ya boti ya uokoaji. Hata hivyo watu walimpigia makofi kuliko mshindi. Musyoka, aliyekuwa amevuka kwa feri, alimvuta kutoka majini, akambeba nusu hadi pwani, akamwita mpigapicha aliyetoka Malindi. Alisema mzee huyu lazima awe kwenye picha, tena mstari wa mbele.

Easter, muuguzi wa hospitalini, alikuwa hapo na mablanketi na sanduku la huduma ya kwanza. Alimfunika Kombe mabegani, akamshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, na hakukiachilia.

"Mzee, umekonda."

"Ni mazoezi," Musyoka alijibu kwa fahari. "Miezi minne. Ungeona alivyokuwa."

"Nilimwona alivyokuwa." Easter hakugeuka. "Mzee Kombe, vidonge vyako viko kabatini mwangu tangu Agosti. Kila siku ya kliniki nakuita jina mara tatu."

Kombe aliliondoa blanketi taratibu, akalikunja, akamrudishia.

"Vilikuwa vinaniotesha matiti," alisema.

"Vilikuwa vinaizuia saratani ya tezi dume, baba. Daktari alikwambia mbele yangu, na mkeo alikuwepo."

"Aliniambia," Kombe akasema. Kisha akamgeukia mpigapicha, akavuta pumzi, akakitoa kifua mbele.