Sekunde Kumi na Tano za Giza

"Hapo usikae, mwanangu," mama alisema, na fundi, ambaye tayari alishainama kukaa kochini, akabaki nusu hewani na begi lake la vifaa. Akakaa zuliani, pembeni ya kochi.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuitwa hapa mwezi huu. Safari hii binti wa mama, anayelipia kazi, alikuwa amewaka kwenye simu: "Kila nikija namkuta kaikodolea macho televisheni, na haioneshi kitu. Giza tupu, fundi! Leo ifunge hiyo setingi ya picha kwa namba ya siri, asiiguse tena. Nikikuta giza siku nyingine, namhamishia kwangu na nyumba tunaipangisha. Akili inamwacha."

Fundi alimwonea huruma. Mama hakuonekana mtu wa kuachwa na akili. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kioo cha televisheni kimefutwa hadi kinang'aa kuliko vyombo vya kabatini. Ajabu ni moja tu: saa nne asubuhi, jua linawaka, na mapazia yote yamefungwa.

Akawasha gemu lililounganishwa na televisheni. Lilikuwa la marehemu mume wa mama, dereva wa lori aliyestaafu akajinunulia mchezo wa mpira, mtaa mzima ukamcheka. Mwenyewe alikuwa ukutani, ndani ya fremu, kofia imemwinamia upande.

"Miaka miwili nilimnunia kwa sababu ya hili lidude," mama alisema. "Aliniomba nikae naye, tutazame mechi moja. Moja tu! Nikamwambia, mzee mzima huna haya. Inaniuma, fundi. Mpaka leo inaniuma."

"Pole, mama. Lakini bado unachagua picha ya 4K?"

"Bado."

"Televisheni hii ni ya zamani, haiwezi picha kali hivyo, mwisho wake 1080. Ukiilazimisha, picha inapotea sekunde kumi na tano, halafu gemu linajirudisha lenyewe. Si ubovu."

"Najua. Nimezihesabu."

"Sasa mbona unarudia?"

"Ndiyo picha nzuri kuliko zote. Nikizima televisheni, haiji."

Fundi akaangua kicheko. "Nzuri wapi, mama, na hakuna kitu?"

Mama hakucheka. Fundi akaona aibu, akajifanya anakaza waya.

Alipomaliza aliweka 1080. Uwanja ukatokea, nyasi za kijani, jezi unasoma hadi namba. Picha safi kabisa kwa televisheni ile. Akafungua ukurasa wa namba ya siri, akampigia binti, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa.

"Weka ile niliyokutumia," binti alisema. "Nataka nisikie umemaliza."

Mama akamshika fundi mkono.

"Niwekee mara moja kabla hujafunga. Nakuomba, baba. Moja tu."

"Mwekee, aridhike," binti alisema, akashusha pumzi.

Fundi akachagua 4K. Skrini ikawa nyeusi tii. Mama akasogea kidogo kwenye kochi, akaweka sawa kilemba chake, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Alikuwa akihesabu kama mtu anayegawa kitu kidogo kwa watu wengi.

"Nane... nane na nusu... tisa..."

Chumba kilipoa ghafla. Fundi akahisi vinyweleo vinamsimama, akainua macho kutoka kwenye pedi ya kuchezea gemu.

"Umeona, fundi?" binti akauliza. "Si nilikwambia? Sasa hapo anatazama nini? Funga tu hiyo kitu!"

Ndani ya kile kioo cheusi fundi alijiona mwenyewe zuliani, akamwona mama mwisho wa kochi anatabasamu, na pale alipokatazwa kukaa alikuwepo mwanaume mwenye kofia iliyoinama upande, mkono wake begani kwa mama. Macho alikuwa amemkazia fundi, na alikuwa akimtikisia kichwa, polepole, kama anayemsihi: usifunge.