Kibuyu cha Mughwai

"Tua kibuyu chako, baba, ukae vizuri," Nesi Esta alisema kwa mara ya pili.

Mughwai alikaa ukingoni mwa benchi, lakini kibuyu hakukitua. Alikipakata kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kibuyu kidogo, kimezibwa mdomo kwa nta na kufungwa kipande cha kanga.

Esta alikuwa ametoka kupalilia bustani ya zahanati. Aliegemeza jembe nyuma ya mlango, akanawa mikono, na macho yake yakarudi kwenye kibuyu. Nzi wawili walikuwa wakikizunguka. Hiyo ni asali, alijisemea, tena ya nyuki wadogo. Tangu watu wahamishiwe kijiji hiki kipya, sukari ilikuwa haionekani kwenye duka la ushirika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Haya, baba, nini kimekuleta?"

"Ni mimba ya mke wangu, Selina. Ya miezi mitatu." Aliinamia kibuyu. "Nataka kujua, mama. Mtoto wa miezi mitatu yukoje humo ndani?"

Wanaume waliowahi kumuuliza Esta swali hilo ungeweza kuwahesabu kwenye ngumi iliyofumbwa. Akamtazama upya.

"Mbona hukuja naye?"

"Amelala. Tangu tushuke kwenye lori juzi, kutoka Mtinko, hajainuka. Hali wala hasemi."

"Mimba changa ndivyo ilivyo. Mkorogee uji mwepesi wa mtama, ataamka."

Mughwai alipunga mkono kuwafukuza nzi. "Wazee wetu wanasema hapo bado ni damu tu," alisema, akitazama sakafu. "Wanasema nisijisumbue nayo."

Maneno hayo Esta aliyajua. Msimu uliopita binti mmoja aliambiwa hivyo hivyo, kwamba ni damu tu, akanyweshwa mizizi ya kutoa mimba. Alikata roho kwenye benchi hilo hilo, mkono wake ukiwa mkononi mwa Esta. Tangu siku ile Esta hakuwa amelala usingizi wa kushiba. Akaapa moyoni kwamba huyu wa Selina hatampoteza. Atamfanya baba yake ampende kabla hajavuka kizingiti.

Alifungua kabati akatoa picha. Alipewa na daktari wa misheni aliyekwenda likizo Ulaya akarudi nayo, na aliitunza kuliko vyeti vyake.

"Huko kwao wana mashine," alisema. "Inapeleka sauti tumboni, mwangwi ukirudi unachora. Hakuna kisu wala maumivu. Sogea uone."

Mughwai alisogea na kibuyu chake. Picha ilikuwa nyeusi, ina chembe nyeupe kama unga uliomwagika kwenye chungu.

"Hapa peusi ni maji. Na hiki cheupe ndani yake, kama harage, ndiye mwenyewe. Huyu ni wa miezi miwili tu. Daktari alisema kwenye mashine unauona moyo wake ukipapatika. Mama mtu tumbo bado bapa, majirani hawajui kitu, na moyo wa mwanawe umeshaanza kazi."

"Na wa miezi mitatu?"

"Huyo ni mkubwa! Ana macho, ameyafumba. Ana vidole vyote, vya mikono na vya miguu."

"Vyote?"

"Vyote. Na kucha zinaanza kuota."

"Urefu wake?"

"Hafiki kidole chako hicho cha shahada."

Mughwai alikitazama kidole chake, kilichokuwa kimelala juu ya kibuyu. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Anacheza?" aliuliza.

"Anacheza sana, anarusha mpaka miguu. Ila mama yake bado hamsikii. Anacheza peke yake humo."

Hapo machozi yalimtoka yule mwanamume, yakashuka mpaka kwenye ndevu, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Esta aliyaona akafurahi. Mbegu imeingia udongoni, alijisemea.

"Ni wa kike au wa kiume?"

"Kwa umri huo kwa macho hajulikani. Hilo Mungu bado amelificha."

"Kwa hiyo wazee wamekosea."

"Wazee nawaheshimu, lakini hili hawakupata kuliona." Esta aliinama mpaka macho yao yakakutana. "Ni mtu, baba. Ni mtu kama mimi na wewe. Kampe jina leo hii, na usikubali yeyote amwite damu. Wakikubishia, waambie nesi amesema."

"Nimwambie na mama yake hivyo?"

"Yeye ndiye wa kwanza kumwambia."

Mughwai aliitikia kwa kichwa polepole. Alishukuru, akashukuru tena, akainuka. Mlangoni alisita, akaliangalia jembe.

Esta alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita alijisikia mwepesi, maana mtoto mmoja alikuwa amepona. Sasa aliweza hata kutania.

"Ndiyo unaondoka na asali yangu, baba?"

Mughwai alirudi hadi mezani. Akakitua kibuyu taratibu kando ya ile picha, kiganja chake kimoja kikabaki juu yake.

"Si asali, mama," alisema. "Majembe yetu yalibaki kule Mtinko. Naomba uniazime hilo lako, nikamzike."