Kiti cha Abiria

Wakala wa bima alisimama nje ya dirisha, simu mkononi, akilipiga picha gari jipya. "Hebu liwashe, kaka, nione taa."

Dereva akageuza ufunguo. Gari likaanza kulia, ting, ting, ting, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya mkanda wa abiria. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Jipya hivi na limeshaanza vituko?" Wakala akacheka peke yake. "Haya, tumalizie maswali. Umewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha ukiwa umelewa?"

"Mara moja tu, dada. Tulipata ajali. Marehemu mdogo wangu alikuwa amekaa hapa." Akajisahihisha haraka. "Yaani, kwenye gari lile la zamani."

"Pole sana. Na yeye alikuwa amefunga mkanda?"

Mlio ukakatika ghafla.

Dereva akaitupia jicho dashibodi. Jibu alikuwa nalo, lile lile alilompa hakimu, kisha mama yake, na sasa lilishazoea kutoka lenyewe. "Nilimwambia afunge, akakataa. Si unawajua watoto wa mwisho kwa ubishi?"

Wakala akatikisa kichwa kwa huruma, akainamia simu yake kuandika.

Kando ya dereva kitu kikakwaruza. Mkanda wa kile kiti kitupu ulikuwa unavutika polepole, bila mkono. Ukafika katikati, ukanasa. Ukarudi, ukavutika tena, ukanasa pale pale, kama ulivyokuwa ukinasa ule wa gari la zamani, ule ambao kila siku alisema atautengeneza kesho.