Picha ya Mwisho Kwenye Mkanda

Mzee Ngwena alikiweka kikamera chake juu ya meza ya studio kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Imebaki picha moja, mwanangu," alimwambia Nasra, mpiga picha. "Nimeitunzia gari la bwana mkubwa, lile shangingi. Limeegeshwa hapo ng'ambo, mbele ya zahanati. Nilipige, watu waone hela ya dawa ilikokwenda."

"Na kabla ya hiyo ulipiga nini?"

"Mke wangu, siku ile kwenye benchi la zahanati, akimngoja daktari. Wakubwa walituahidi daktari. Mpaka nimemzika wanaahidi."

Nasra alikigeuza kikamera, akaguna. "Baba, hiki hugawa nafasi ya picha moja ikawa mbili. Nikisafisha, hizo mbili za mwisho zitatoka bega kwa bega kwenye karatasi moja. Utamkalisha mama na shangingi?"

Mzee alikivuta kikamera kwake. Nje injini iliunguruma. Bwana mkubwa alikuwa anaondoka. Mzee alitazama mlangoni, mkono ukiwa juu ya kikamera, mpaka vumbi likatua.

Akavua kofia, akamrudishia Nasra kikamera, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Nipige mimi. Yeye atakuwa upande gani?"

Nasra alimwonyesha kwa kidole. Mzee akageuza uso upande huo, kisha akajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake akae.