Lampon na Mungu Wake

"Jifunike shuka mpaka kichwani," mwanamke mwenye kikapu cha tini alimwambia Lampon, "na mtu akikusemesha, usimjibu."

Lampon akatetemeka kwa furaha. Alikuwa amepotea njia ya kwenda uwanjani, na mambo yakawa vilevile kama katika nyimbo zake! Shujaa akipotea, mungu wa kike humshukia katika umbo la mpita njia, akamfunika asionekane, akamwongoza mpaka kwenye ushindi. Wimbo huo Lampon alikuwa ameuimba kwenye harusi na matanga ya kisiwa kizima cha Naxos, ujira wake mkate wa shayiri na, akibahatika, kichwa cha mbuzi. Wasikilizaji waliipenda sauti yake, maneno hawakuyajali. Yeye peke yake ndiye aliyeamini kila neno.

Leo waimbaji walikuwa wanashindana. Mshindi angeimba mezani kwa mtawala mwaka mzima. Lampon hakumhofia mtu ila Sostrato, ambaye sauti yake iliwaliza hata wauza samaki.

"Lampon! Zamu yako! Lampon yuko wapi?" watu waliita nyuma yao.

"Wananiita, ee mtukufu," akanong'ona.

"Waache. Shujaa gani anaitwa kama mbuzi naye anakimbilia?"

Kweli kabisa, Lampon akawaza. Akakikumbatia kinubi chake, akamfuata vichochoroni huku sauti zikififia. Alipojikwaa, aliliomba radhi jiwe. Huenda nalo lilikuwa na ukoo mbinguni.

Wakaingia kwenye nyumba moja. Mwanamke akamkalisha, akamwekea jibini na divai kali isiyotiwa hata tone la maji.

"Ni hapa utakaponivika utukufu?" Lampon aliuliza.

"Kula kwanza, baba. Mwili wenyewe huo, utukufu utaukalia wapi?"

Akala. Akanywa, akaongezewa, akanywa tena. Kwa mbali umati ulilipuka kwa shangwe na vigelegele. Lampon akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Bila shaka miungu walikuwa wakiwaandaa watu kumpokea.

Alikuwa bado anajipangusa ndevu, ili apendeze watakapomjia, mlango uliposukumwa. Akaingia Sostrato, shada la ushindi kichwani, jasho likimtiririka.

"Mume wangu," mwanamke akasema, akikaa chini na kujikanda miguu, "mwakani utafute mungu mwingine. Huyu wa leo amechoka."