Mbishi wa Chumba cha Tatu

Saa tisa na dakika kumi alasiri, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa bado hakijasogea.

Dada mtu hakukiondolea macho. Daktari alikuwa amesema waziwazi: sauti haitatoka, maana mpira wa mashine ya kupumulia umepita kinywani, basi kidole kinatosha. Kiinuke mara moja tu, kwa kumjibu mtu, na kesho asubuhi, madaktari watakapokaa na familia, daktari huyo atakuwa na la kumtetea nalo mgonjwa. Kisipoinuka, mashine itazimwa.

"Huyo Sindano wako wa mbio za magari hakuwa dereva," dada mtu alimwambia mdogo wake, akiinama sikioni. "Alikuwa abiria. Gari ndilo lililojua njia."

Mashine ilisukuma pumzi, ikaiachia. Kidole kilitulia.

Mke wa mgonjwa, aliyekaa upande wa pili wa kitanda na mkoba mapajani, alishusha pumzi. "Wifi, jamani. Ndiyo maneno ya kumwambia mgonjwa hayo?"

"Mazuri nimeyamaliza."

Ilikuwa kweli. Mdogo wake alianguka kutoka kwenye ngazi, Jumapili ya mbio, akinyoosha dishi ili picha isikatike magari yatakapoanza. Tangu siku hiyo dada mtu alimsomea matokeo yote, nafasi ya kila timu, hata kanuni mpya za matairi, kwa usahihi wa mwalimu wa hesabu, ambayo ndiyo kazi yake. Hakuambulia hata ukope kutikisika. Jana, akimwaga chai iliyopoa, ndipo alipoliona kosa lake. Mtu huyu hajawahi kumjibu aliyesema kweli. Maisha yake yote alikuwa wa kusahihisha. Siku ya harusi yake alimkatiza baba mkwe katikati ya nasaha, kipaza sauti mkononi, kwa sababu mzee alikosea mwaka ambao timu ya kijani ilichukua ubingwa.

Kwa hiyo leo dada mtu alikuja na uongo.

Pazia la katikati lilisogea, muuguzi akatokea upande wa dirishani. Huko alilazwa fundi bomba wa makamo, anayepumua mwenyewe lakini hajafumbua macho tangu aletwe. Watu wake walishachoka kuja. Siku ya kwanza dada mtu alimwomba radhi kwa kelele. Siku zilizofuata alisahau kwamba yupo.

"Presha ya jirani imepanda," muuguzi alisema. "Hata yeye hakupendi leo."

"Na huyu?"

Muuguzi aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Yuko vilevile, dada."

Dada mtu alivuta kiti. "Mfalme ndiye bora wa wakati wote," alisema, na sasa hakunong'ona. "Mataji yake yote ni jasho lake. Waamuzi hawakumbeba hata siku moja."

Mfalme, mpinzani wa Sindano, lilikuwa jina lisilotajwa nyumbani kwa mdogo wake. Pale aliitwa mtoto wa tajiri, tena kwa kumheshimu. Mke wa mgonjwa alicheka bila kutaka, kisha akajifuta macho.

"Angekuwa mzima angekutoa nje."

"Si anitoe!" Dada mtu alimgeukia. "Nimekaa hapa nangoja nini? Nangoja anitoe!"

Muuguzi alijifanya anakunja shuka.

Ulibaki uongo mmoja. Aliuchelewesha kwa sababu uligusa kidonda. Katika mbio za mvua, za mwisho za msimu ule, Sindano alimpita mwenzake nyuma ya gari la usalama linalowapunguzia mwendo, wakati kanuni inakataza kupitana. Alimaliza wa kwanza, sekunde saba mbele ya Mfalme. Waamuzi wakamwongezea sekunde kumi za adhabu, na ubingwa ukaenda kwa Mfalme. Mdogo wake hakula siku hiyo. Miaka yote ubishi wao ulirudi palepale: dada mtu akisema kanuni ni kanuni, yeye akisema mvua ilifunika kioo cha kofia na mtu haadhibiwi kwa asichokiona. Namba zile mdogo wake alizijua kama anavyojua tarehe za kuzaliwa za wanawe.

Dada mtu aliweka kiganja chake chini ya kidole. Akasema kwa sauti anayoitumia kwa wanafunzi wa dawati la nyuma.

"Mbio za mvua. Sindano walimpa sekunde tano. Tano tu! Na bado akanyang'anywa. Bingwa gani huyo anayeangushwa na sekunde tano?"

Mashine ilisukuma pumzi, ikaiachia.

"Tano," alirudia, na sauti ikamkatika. "Nisahihishe, mdogo wangu. Nakuomba. Sema dada yako hajui kitu, sema arudi jikoni, sema lolote. Walimpa tano!"

"Kumi."

Sauti ilikuwa kavu, kama bawaba iliyokaa siku nyingi bila mafuta. Mke wa mgonjwa aliinuka, mkoba ukaanguka. Dada mtu aliutazama mpira. Ulikuwa palepale, midomo imeuzunguka bila kutikisika. Alikitazama kidole kilicholala kiganjani mwake.

"Walimpa kumi," sauti ikaendelea. "Ingekuwa tano, angeshinda."

Muuguzi alivuta pazia. Fundi bomba alikuwa amegeuza uso kutoka dirishani, macho wazi, amemkazia dada mtu, akingoja ajibiwe.